Yadi ya kanjo ilienda wapi? Uzi kuhusu kitu ambacho hakuna mgombea anaahidi

1. Kila kampeni tunaahidiwa barabara, taa za mtaa na mitaro. Hakuna anayeahidi yadi, yaani ule uwanja wenye greda, tipa, rundo la changarawe, tangi la dizeli na mafundi wanaoripoti asubuhi. Bila yadi, hivyo vitu vitatu huharibika kabla muhula haujaisha. Twende kwa historia. Sitataja mtu wala chama, kwa hivyo pia nyinyi msianze kutupiana lawama hapo chini.

2. Nairobi yenyewe ilianza kama depo. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa mwishoni mwa Mei 1899. Kabla ya kupanda miinuko ya Kikuyu, wahandisi walitaka mahali tambarare penye maji, pa kuweka vifaa na kutengeneza injini. Karakana ilikuja kwanza, watu wakaifuata.

3. Lakini depo hiyo ilipangiwa treni, si watu. Ardhi ilikuwa na kinamasi, na miaka michache baadaye tauni ilipozuka, soko la Wahindi lilichomwa moto kwa amri ya serikali. Baraza la kikoloni nalo lilihudumia mitaa ya Wazungu kwanza. Tangu hapo swali ni lile lile: mitambo imewekwa karibu na nani?

4. Baada ya uhuru, mabaraza ya kaunti yalikuwa na kazi tatu kubwa: shule za msingi, afya na barabara. Mwaka wa 1969 Bunge lilipitisha sheria iliyohamishia kazi hizo kwa serikali kuu kuanzia 1970, pamoja na kodi muhimu waliyoitegemea. Manispaa kubwa zilibakishiwa zao. Kwa hivyo senta nyingi ambazo leo ni miji zilikua chini ya mabaraza yaliyokuwa na jina tu, bila pesa wala jukumu la barabara.

5. Ndiyo maana sikubali jibu la haraka kwamba "kanjo walikuwa wezi tu." Wizi ulikuwepo, tusidanganyane. Lakini hata baraza la watu waaminifu lingenunua vipi tairi ya greda bila mapato? Mgao maalum wa mabaraza, asilimia 5 ya kodi ya mapato, ulianza tu mwaka wa 1999.

6. Kuna pia ardhi. Yadi ni ekari kadhaa zilizo wazi, na kwa macho ya mnyakuzi hiyo ni ploti inayomsubiri. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma, ikiwemo ya mabaraza na hifadhi za barabara, ilivyogawiwa kinyume cha sheria. Mji ukipoteza ekari hizo katikati yake, kuzinunua tena ni bei ya kuumiza.

7. Sheria ya 2007 ikaunda KeNHA, KURA na KeRRA. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, ikazipa kaunti barabara za kaunti, taa, taka, maji ya mvua na zimamoto. Machi 2013 mabaraza 175 yakafa na kaunti 47 zikaanza. Kuhesabu nani anarithi mali gani kulichukua miaka. Kwa hivyo ukiuliza shimo la nje kwako ni la nani, unaweza kuzungushwa ofisi tatu.

8. Watu nao hawakusubiri. Ruiru ilikuwa na watu kama 238,000 katika sensa ya 2009. Mwaka wa 2019 walikuwa 490,000, zaidi ya Eldoret. Fikiria pia Kitengela, Rongai, Mlolongo. Ukirithi yadi ya baraza la zamani unarithi na ramani yake ya zamani, na mji umeshahamia upande mwingine.

9. Hesabu ndogo ya mfano tu. Siku ya kazi ni saa 8. Yadi iko mbali, na kwa jam ni saa moja na nusu kila upande. Ongeza dakika 20 za kupakia na kushusha: tipa inafanya safari 2, basi. Sasa weka depo ndogo dakika 20 kutoka mtaani: safari 8. Tipa ni ile ile, dereva na mshahara ni ule ule.

10. Mbona hazijengwi? Sheria ya Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo. Nia ni nzuri, mishahara isimeze kila kitu. Lakini dizeli na mshahara wa fundi ni matumizi ya kawaida, na huko ndiko mkasi hupita kwanza. Isitoshe, hakuna mheshimiwa anayekata utepe kwa mtaro uliozibuliwa.

11. Kuna wanaosema yadi ni mambo ya zamani, tukodishe makontrakta. Wana hoja. Yadi ndizo zilizotupa wafanyakazi hewa na dizeli inayouzwa kwa mitungi. Barabara kubwa, wape kontrakta. Lakini mtaro ukiziba Jumanne usiku, maji hayangoji zabuni. Mafuriko ya Machi hadi Mei 2024 yalitufunza hivyo, na kuna familia zilizolipa kwa maisha. Kwangu mimi: depo ndogo kwa dharura na kazi za kila siku, makontrakta kwa kazi kubwa, na kitabu cha dizeli kiwe wazi kwa umma.

12. Kwa hivyo ukienda kikao cha kutoa maoni kuhusu bajeti, beba maswali manne:
– Depo iliyo karibu na wadi yetu iko wapi, na ni mwendo wa dakika ngapi wakati wa jam?
– Mpango wa mji umetenga ardhi ya depo upande ambao watu wanahamia, na ina hati?
– Mwaka huu kuna pesa ngapi za dizeli, vipuri na mafundi?
– Mtaro ukiziba usiku, nani anapigiwa simu?

13. Ardhi ndiyo ya haraka. Grader inaweza kununuliwa mwaka ujao, lakini ekari mbili za Kitengela zikishajengwa fleti, imeenda hiyo. Mtu akisimama jukwaani kusema atajenga, mwache amalize, kisha muulize itatunzwa kutoka wapi.

Mtaani kwenu yadi iko wapi? Andika hapo chini, na kama ilishageuka jumba la kibiashara, sema pia.