Miguu ya Watazamaji: Meneja wa Bidhaa katika Uwanja wa Wagika na Wagalu

Katika mashindano ya ngoma ya Wasukuma wa Tanzania hakuna meza ya majaji. Makundi mawili, moja la Wagika na jingine la Wagalu, huingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila moja na ngoma zake na manju wake, yakacheza kwa saa nyingi mbele ya umati ambao haukufungiwa mlango. Mtazamaji husimama anapopapenda. Akichoka huvuka uwanja na kujiunga na upande wa pili. Kundi linalobaki na watu wengi ndilo lililoshinda, na aliyeshindwa hana la kubisha, maana ushahidi umesimama kwa miguu yake wenyewe mbele ya macho ya wote.

Masimulizi huirudisha desturi hii karne ya 19, kwa waganga wawili waliobishania nani ana dawa kali zaidi: Ngika, ambaye wafuasi wake ni Wagika, na Gumha, mwasisi wa Wagalu. Msimu wake ni kiangazi, baada ya mavuno, shamba linapomwachia mtu nafasi. Mji wa Bariadi, mkoani Simiyu, nao uliipa nafasi mwishoni mwa miaka ya 2010, katika tamasha la Simiyu Jambo Festival lililoweka ngoma za Wagika na Wagalu pamoja na mbio za baiskeli.

Nimeanzia uwanjani kwa sababu mjadala wa umeneja wa bidhaa unaelekea kuzoea jibu jepesi. Meneja wa bidhaa, awe wa benki, wa kampuni ya simu au wa kiwanda cha vinywaji, ndiye anayeamua kitengenezwe nini, kwa ajili ya nani, na kipi kitangulie. Hivi sasa ni kawaida kumshauri ajifunze kutoka kwa wasanii, na anachoambiwa arudi nacho karibu siku zote ni ubunifu. Ushauri huo haumsaidii sana. Watu wabunifu wapo kila ofisi, na bidhaa zisizotakiwa na mtu zimejaa ubunifu. Ninachodai ni kwamba funzo la manju limo katika sharti analochezea: anayemhukumu yuko huru kuondoka, anaondoka akionekana, na manju bado ana muda wa kubadili wimbo. Sharti hilo likikosekana, sanaa yote ya dunia haitamfaa meneja kitu.

Tuangalie kinachofanyika ndani ya kundi. Nyimbo hutungwa upya kila msimu na mtunzi, ambaye kwa Kisukuma ni ningi, kwa kuwa umati unaokuja kusikia ya mwaka jana hauna sababu ya kukaa. Mazoezi hufichwa. Siku ya mashindano huletwa vioja: vinyago vya mbao vinavyochezeshwa, nyoka hai, mavazi ambayo upande wa pili haukuyategemea. Pamoja na hayo kuna samba, dawa ya kuvuta watu, ambayo msomi wa leo anaweza kuicheka kabla hajahesabu fedha ambazo kampuni yake imezika katika mabango ya barabarani kwa imani ileile.

Lakini kioja na wimbo havifanyi kazi moja. Kioja huvuta, wimbo ndio unaomkalisha mtu. Mtu hukimbilia kumwona nyoka, akishamwona hana haja naye tena, na kama wimbo ni dhaifu atarudi alikotoka akiwa na hadithi ya kusimulia. Makampuni yanayojisifia idadi ya watu waliopakua programu zao za simu yanahesabu waliokimbilia nyoka. Swali la manju ni nani bado amesimama jua linapozama.

Na manju anatazama wapi? Waliobanana mbele kabisa ni ndugu, majirani na mashabiki wa kundi tangu utotoni. Hao hawaondoki hata ngoma ikipasuka, na kwa sababu hiyohiyo hawamwambii manju chochote. Habari yote iko ukingoni mwa umati: kwa yule aliyesimama akiegemea baiskeli, uso kwa kundi hili na sikio kwa kundi lile. Mguu wake ukianza kugeuka, ni wakati wa kupandisha mapigo au kuingiza wimbo uliowekwa akiba. Mameneja wengi hufanya kinyume. Huwaalika wateja waaminifu, wakawahoji kwa chai na vitafunwa, wakatoka na ripoti inayosema wateja wameridhika. Wameridhika kweli. Ni ndugu wa manju.

Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, na ambao sensa ya 2022 iliukuta na watu 2,140,497, umewahi kufanya jaribio linalofaa kupimwa kwa kipimo hiki. Chini ya uongozi wa aliyekuwa mkuu wa mkoa, Anthony Mtaka, mkoa ulijipa mkakati wa wilaya moja, bidhaa moja. Vijana wa Maswa wakatengeneza chaki. Vijana wa Meatu wakasindika maziwa. Wengi wamezisifu bidhaa hizi kwa pumzi moja, kana kwamba ni ndugu pacha. Mimi naona zimewekwa katika viwanja viwili tofauti kabisa.

Maziwa ya Meatu yanakutana na mama aliye huru. Pale Mwanhuzi anaweza kununua pakiti, na anaweza kumngoja mwenye madumu juu ya baiskeli. Kila asubuhi anavuka uwanja au havuki, na mauzo ya jioni yanasema alichoamua. Chaki haina umati wa namna hiyo. Anayelipa ni shule au halmashauri. Anayeitumia ni mwalimu mwenye vumbi vidoleni. Anayefaidika au kuumia ni mtoto wa dawati la nyuma anayekodoa macho ubaoni. Watu watatu, na aliye na fedha ndiye asiyeandika. Chaki ikikatika mara tatu katika sentensi moja, mwalimu hana pa kuvukia, ataokota kipande na kuendelea. Sisemi chaki ya Maswa inakatika. Nasema kwamba kama ingekatika, mtengenezaji angekuwa wa mwisho kujua, kwa sababu soko lenye mnunuzi wa hakika, ambalo kila mjasiriamali anaombea, humnyima habari. Maonesho nayo hayamwondolei upofu huo. Uwanja wa Nyakabindi mkoani humo ulipokea maonesho ya kitaifa ya wakulima ya Nane Nane kuanzia 2018 hadi 2020, lakini mgeni rasmi anayepita bandani akaonja, akapongeza na kupigwa picha haachi nyuma yake habari yoyote ya kutumia.

Pamba inalifanya jambo kuwa gumu zaidi. Simiyu ndio mkoa unaoongoza nchini kwa zao hilo, na tangu 2018 mkulima huuza kupitia chama chake cha ushirika cha msingi, AMCOS. Msimu wa 2019 bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Bei ya dunia ikashuka, wanunuzi wakasita, na wakulima wakakaa miezi wakisubiri malipo ya mzigo uliokwisha kupimwa. Mkulima huyo hana uwanja wa pili wa kuvukia. Kumbe anavuka, ila kwa mwendo mwingine: msimu unaofuata kipande cha shamba lake kinapandwa choroko, dengu au alizeti. Umati wa ngoma huondoka kwa dakika, wa pamba kwa mwaka. Anayesoma takwimu za msimu huu hamwoni aliyeondoka, na atakapomwona, mbegu imeshafukiwa. Ndiyo maana meneja wa bidhaa hana budi kujiuliza mapema mteja wake, akichoka, huondoka kwa mwendo gani. Asipojua hilo, ukimya wa mteja atausoma kama kuridhika.

Kuna waliojua kusoma miguu. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005 ilibuniwa kwa ajili ya kurejesha mikopo midogo. Watu wa majaribio wakaanza kuitumia kurushiana fedha wao kwa wao, wakiwa wameuvuka uwanja kuelekea upande ambao haukuwa na ngoma yoyote. Safaricom ikahamishia ngoma huko, na huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ikajengwa juu ya kutuma fedha nyumbani.

Hapa mtu anaweza kunipinga, na kwa haki. Miguu inasema mtu ameondoka. Haisemi kwa nini. Manju haulizi sababu kwa kuwa amezaliwa nayo: anaimba Kisukuma kwa Wasukuma, kuhusu njaa, ng'ombe na fitina wanazozijua wote. Meneja aliyetumwa Bariadi kutoka makao makuu Dar es Salaam hana mtaji huo, na kuhesabu miguu peke yake kutamfanya abahatishe tu.

Jibu moja lilifanyiwa kazi jirani kabisa, Malya, wilayani Kwimba, ukivuka mpaka wa Maswa. Mwaka 1982 na 1983 wanatamthilia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walikwenda kufanya kile walichokiita sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Hawakufika na mchezo mkononi. Waliishi na wanakijiji, wakachunguza pamoja nao kinachowasumbua, wakachambua, na matatizo ya vijana, zikiwemo mimba za wasichana wa shule, yakatokea kuwa kidonda. Kisha wanakijiji wenyewe waliyatunga kuwa maonyesho kwa kutumia sanaa zao, wakayacheza, na baada ya kucheza kukawa na mjadala wa hadhara, halafu ufuatiliaji. Mlama ameieleza mbinu hiyo kwa kirefu katika kitabu chake cha 1991 kuhusu utamaduni na maendeleo.

Kinachonivutia Malya ni nafasi ya onyesho katika mnyororo ule. Onyesho liliwekwa katikati, likiwa kifaa cha kuchokonoa, na matokeo yenyewe yalitarajiwa mbele yake. Mzazi ambaye hangemjibu mtafiti mwenye dodoso anaweza kusimama na kumbishia mhusika, kwa kuwa mhusika si mtoto wa mtu. Sampuli ya kwanza ya bidhaa ingefaa kutumika vivyo hivyo: itengenezwe ikiwa na mapengo ya makusudi, ipelekwe kwa watu ili waigombeze, na mtengenezaji akae kimya akiandika. Kwa bahati mbaya sampuli nyingi hupelekwa zikiwa zimeng'arishwa, na heshima ya Kisukuma haimruhusu mtu kumwaibisha mgeni aliyejitaabisha kiasi hicho. Watasema ni nzuri. Mgeni ataondoka nayo.

Mpaka hapa nimeishi kwa imani moja, kwamba umati ukisikilizwa vizuri utakuonyesha njia. Wasukuma haohao wana taaluma nyingine inayoikana imani hiyo, nayo ni ya ufugaji.

Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza. Majani yanaota, yanarefuka, ng'ombe wanayaona ng'ambo ya mpaka na hawayagusi. Hufunguliwa kiangazi kinapokaza, wakati kwingine kote kumebaki vumbi. Ukiwaachia ng'ombe wapige kura, ngitili italiwa Januari. Thamani yake yote iko katika kuzuia kile ambacho mtumiaji anakitaka sasa, kwa ajili ya mwezi ambao mtumiaji huyohuyo atakuwa anakonda.

Historia yake inakaza hoja. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza 1986 katika mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulikuwa na Bariadi, Maswa na Meatu ndani yake, ngitili zilizokuwa zimebaki zilikadiriwa kuwa hekta 600 tu. Nyika zilikuwa zimefyekwa kuua mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, na uhamishaji wa watu kwenda vijiji vya ujamaa katika miaka ya 1970 uliwatenga wengi na maeneo yao waliyoyahifadhi. Mwanzoni mradi ulileta vitalu na miche ya miti ya kigeni, bidhaa ambayo hakuna aliyeiagiza. Baadaye ukageukia kitu ambacho wafugaji walikuwa nacho tayari, jina lake likiwemo. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimezidi hekta 300,000, na mwaka 2002 HASHI ikapata tuzo ya Equator chini ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo.

HASHI basi ilifanikiwa kwa kusoma miguu ya watu, na ilichokikuta mwisho wa nyayo hizo ni kanuni ya kuzuia miguu. Sidhani mkanganyiko huu unaweza kusuluhishwa kwa fomula. Unaloweza kuuliza ni nani mwenye mamlaka ya kufunga. Katika ngoma hakuna. Kila mtu ana miguu yake. Katika ngitili ya kijiji yupo: dagashida, mkutano wa jamii unaotunga kanuni za kimila na kumtoza faini anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati, awe tajiri wa mifugo au maskini. Makampuni yanayonunua muda wa mteja kwa arafa za usiku na mikopo ya simu inayotolewa kwa dakika tatu yana manju hodari na samba kali. Mtu wa kusimama mpakani Januari, majani yakiwa marefu na robo ya mwaka ikikaribia kufungwa vitabuni, na kumwambia mkurugenzi mkuu arudishe ng'ombe wake zizini, hayumo katika orodha ya waajiriwa wao.