Fahamu Mafunzo ya Muda Mfupi ya Sanaa za Ufundi kwa Walimu na Watu Wazima Wakati wa Likizo

Na Mwandishi Wetu

Ifikapo mwezi Juni shule nchini hufungwa kwa likizo ya katikati ya mwaka, na mwezi Desemba hufungwa tena kwa likizo ya kumaliza mwaka wa masomo. Katika nchi za kaskazini mwa dunia, mafunzo ya uchoraji, ufinyanzi na ususi kwa walimu na watu wazima hufanyika majira ya kiangazi. Hapa nchini muda unaofaa zaidi ni likizo ya Juni. Katika sehemu kubwa ya nchi mvua za masika huwa zimekwisha, kipupwe kimeingia, na udongo, ukili na kitambaa kilichotiwa rangi hukauka bila kuharibika.

Makala haya yanaeleza maana ya mafunzo hayo, taasisi zinazohusika, fani zinazofundishwa, tahadhari za usalama na mambo ambayo mwananchi anapaswa kuyahakiki kabla ya kulipa ada.

Sanaa za ufundi ni nini

Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984, hutofautisha sanaa za ufundi na sanaa za maonesho pamoja na muziki. Sanaa za ufundi ni kazi zinazotazamwa na kushikwa: uchoraji, uchongaji, ufinyanzi, ususi, ufumaji, utiaji rangi vitambaa na nyinginezo za aina hiyo. Mafunzo ya muda mfupi katika fani hizi huchukua siku chache hadi wiki kadhaa, na kwa kawaida hayadai sifa kubwa za kitaaluma kwa anayejiunga.

Kwa nini yana umuhimu sasa

Mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024, kwa kuzingatia Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, Toleo la Mwaka 2023, imetoa nafasi pana kwa kazi za mikono. Shule za msingi zina somo la Sanaa na Michezo, na elimu ya sekondari ina mikondo miwili, wa elimu ya jumla na wa elimu ya amali. Mabadiliko hayo yana maana kwamba mwalimu aliyesomea Kiswahili au Hisabati anaweza kupangiwa kipindi cha sanaa, hata kama hajawahi kufinyanga chungu wala kuchanganya rangi.

Mwalimu wa namna hiyo asipopata msaada, ataandika ubaoni maana ya ufinyanzi na hatua zake, wanafunzi watanakili, na muhula utakwisha bila mtoto yeyote kuchafua mikono. Mtoto mwenye kipaji hatatambuliwa, na yule ambaye angejifunza vizuri zaidi kwa kutenda atahesabiwa kuwa mzito wa kuelewa. Wiki mbili za likizo hazimfanyi mwalimu kuwa fundi. Zinatosha, hata hivyo, kumwezesha kuonesha kwa vitendo kile anachokitamka.

Upande wa pili ni wa jamii. Ufundi mwingi wa asili hurithishwa nyumbani, mama kwa binti au mjomba kwa mpwa. Vijana wanapohamia mijini, mnyororo huo hukatika, na fundi anapofariki huondoka na maarifa ya udongo upi unafaa, majani yavunwe lini na rangi ipatikane katika mti gani. Mafunzo yanayomweka fundi mzee mbele ya walimu ni njia mojawapo ya kuyahifadhi maarifa hayo, kwa kuwa mwalimu mmoja huyafikisha kwa wanafunzi wengi kila mwaka.

Historia kwa ufupi

Kujifunza ukubwani si jambo geni nchini. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1975 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilipewa sheria yake, Sheria Na. 12. Mwaka huohuo vilianzishwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa kuchukua mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden. Leo vyuo hivyo ni 54.

Kwa upande wa sanaa, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia vipande vya ubao wa dari na rangi ya kung’aa ya kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, lakini jamaa na wanafunzi wachache aliowafundisha waliiendeleza kazi yake hadi ikawa mtindo unaoitwa kwa jina lake. Mwaka 1972 pia ilianzishwa Nyumba ya Sanaa, ambayo iliwapa vijana wengi ujuzi wa kuchora, kuchapa na kutia rangi vitambaa. Mwaka 1981 kilianzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichobadilishwa mwaka 2007 kuwa Wakala wa Serikali kwa jina la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa).

Mahali pa kuulizia mafunzo

Mwananchi anayetafuta nafasi anashauriwa kuanza na taasisi zifuatazo, kila moja ikiwa na utaratibu na ratiba yake:

1. TaSUBa, Bagamoyo, inayofundisha sanaa za maonesho na sanaa za ufundi.

2. Vyuo vya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), vinavyotoa kozi za muda mfupi kulingana na karakana na wakufunzi waliopo katika kila chuo.

3. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyo karibu zaidi na wakazi wa vijijini.

4. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoundwa mwaka 1973, kwa anayetaka kuugeuza ujuzi wake kuwa biashara.

5. Vikundi na vituo binafsi vya wasanii, mfano Nafasi Art Space kilichopo Mikocheni, Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 2008 katika majengo yaliyokuwa maghala, pamoja na ushirika wa wachoraji wa Tingatinga.

Kwa walimu walio kazini, Serikali ina utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA), unaowakutanisha walimu katika jumuiya za kujifunza shuleni na katika Vituo vya Walimu. Mwalimu aliyehudhuria kozi ya likizo anaweza kuutumia utaratibu huo kuwafundisha wenzake, bila kusubiri semina nyingine.

Fani zinazofundishwa na namna zinavyofanyika

Ufinyanzi. Udongo huchimbwa, huchambuliwa mawe na mizizi, huloweshwa na kukandwa hadi uwe laini. Mfinyanzi wa asili hatumii gurudumu. Hujenga chungu kwa kuzungusha na kuunganisha misokoto ya udongo, kisha hukilainisha kwa kigae au kibuyu na kukisugua kwa jiwe. Kina mama wa Kikisi, kwenye mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, wanajulikana sana kwa kazi hii, sawa na wafinyanzi wa Usangi katika milima ya Upare. Kosa kubwa la anayeanza ni haraka. Chungu chenye unyevu kikiingizwa motoni, maji yaliyomo hugeuka mvuke na kukipasua. Kwa sababu hiyo chungu hukaushwa kivulini polepole kwa siku kadhaa, kisha hupashwa joto kidogo kidogo kabla ya kuchomwa.

Ususi. Katika mwambao na visiwani, majani ya miyaa na ukindu hukaushwa, huchanwa, hutiwa rangi na kusukwa kuwa ukili, yaani utepe mrefu unaoshonwa kuwa mkeka, kikapu au kawa. Mkoani Iringa vikapu husukwa kwa milulu, majani yanayoota sehemu zenye unyevu. Fani hii inafaa sana darasani kwa kuwa haihitaji moto wala kemikali, na ruwaza za ukili humpa mwalimu wa Hisabati mfano wa wazi wa hesabu za mfuatano na ulinganifu.

Batiki. Nta iliyoyeyushwa hupakwa kwenye kitambaa cha pamba ili kuzuia rangi isiingie mahali fulani. Kitambaa huchovywa katika rangi, hukaushwa, kisha nta huondolewa kwa maji ya moto. Ukitaka rangi ya pili, hatua hizo hurudiwa kuanzia rangi iliyofifia kuelekea iliyokolea.

Uchongaji. Wamakonde wamejipatia jina duniani kwa vinyago vya mpingo, ikiwemo mitindo ya Ujamaa na Shetani. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini na hukua polepole mno, hivyo anayeanza hufundishwa kwanza kwa mti laini. Aidha, tangu Januari 2017 miti ya jamii ya mpingo imo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka. Anayenunua magogo anapaswa kuhakikisha yana vibali vya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS).

Uchoraji. Kozi nyingi huanza na penseli na mkaa, zikaendelea na uchanganyaji wa rangi tatu za msingi. Kwa mwalimu, somo lenye faida zaidi ni la kutengeneza vifaa mwenyewe: mkaa wa vijiti, rangi ya udongo mwekundu, chokaa, majani yaliyopondwa, gundi ya uji wa wanga na karatasi kuukuu. Darasa lenye wanafunzi 80 haliwezi kutegemea rangi za dukani.

Tahadhari za usalama

Batiki hutumia kostiki soda, kemikali inayounguza ngozi na macho. Daima kostiki humiminwa kidogo kidogo ndani ya maji baridi. Kamwe maji yasimiminwe juu ya kostiki. Kazi ifanyike nje au penye hewa ya kutosha, kwa kuvaa glavu za mpira, miwani na barakoa, na vyombo vilivyotumika visirudishwe jikoni. Nta iyeyushwe katika sufuria iliyowekwa ndani ya sufuria nyingine yenye maji. Ikishika moto, ifunikwe kwa mfuniko na jiko lizimwe, kwa kuwa kuimwagia maji huulipua moto. Wachongaji nao wajikinge na vumbi la mti na wahifadhi tezo na patasi mahali ambapo watoto hawafiki. Kituo kisicho na vifaa hivi vya kinga hakifai kujiunga nacho, hata kama ada yake ni ndogo.

Mambo ya kuhakiki kabla ya kulipa

Kwanza, hakiki usajili. Vyuo vya elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi husajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET), na shughuli za sanaa husimamiwa na BASATA.

Pili, uliza aina ya cheti. Cheti cha mahudhurio huthibitisha kwamba ulikuwepo. Cheti cha umahiri hutolewa baada ya kupimwa. Fundi mwenye uzoefu wa miaka mingi aulize VETA kuhusu utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi.

Tatu, uliza ada inajumuisha nini. Malighafi, chakula na malazi huweza kuwa na gharama inayozidi ada yenyewe.

Nne, lipa kwa njia rasmi. Malipo kwa taasisi za Serikali hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Usitume fedha kwa simu ya mtu binafsi anayedai kukushikia nafasi.

Tano, kwa mtumishi wa umma, mjulishe msimamizi wako mapema na uhakikishe tarehe za kozi haziingiliani na majukumu ya shule, kwani likizo ya wanafunzi si lazima iwe likizo ya mwalimu.

Baada ya mafunzo

Mshiriki anayetaka kuuza kazi zake anaweza kuunda kikundi na kuomba mkopo wa halmashauri unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo asilimia 4 ni kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Maelezo hutolewa na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Kazi halisi za sanaa hulindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, na ushauri hutolewa na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA).

Kwa mwalimu, hatua ya kwanza ni ndogo zaidi. Arudi shuleni na kilo chache za udongo uliokandwa, amwalike fundi wa kijijini kukaa na wanafunzi kwa kipindi kimoja, kisha aandike katika daftari la shule ni wapi udongo huo ulichimbwa na nani aliyewaonesha. Mwalimu atakayemrithi atakuwa na mahali pa kuanzia.