Wamohawk wa Kahnawake: Utafiti uliorudi kwa wenyewe

Kahnawake ni makazi ya Wamohawk, wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, katika ukingo wa mto St. Lawrence, karibu na jiji la Montreal nchini Kanada. Tangu zama za mababu, wanawake wa kabila hilo walipanda mahindi, maharage na maboga katika shamba moja, wakayaita dada watatu: maharage hutambaa juu ya bua la hindi, na majani ya boga hufunika udongo usikauke. Mahindi yalichemshwa kwanza kwa majivu. Si mazoea matupu hayo, kwani majivu huifungua vitamini ambayo mwili hauwezi kuipata katika hindi lililopikwa vivi hivi. Mto nao ulitoa samaki.

Katika miaka ya 1950 serikali ya Kanada ilitwaa sehemu ya ardhi yao ili kuchimba njia ya meli kubwa, iliyofunguliwa mwaka 1959. Mfereji ukawatenga wakazi na mto wao. Wanaume wengi walikwishazoea kazi ya kuunga vyuma vya majengo marefu mijini, na chakula kikazidi kuwa cha dukani.

Madhara yalionekana hospitalini. Katika miaka ya 1980, daktari Louis Montour, mwenyewe Mmohawk, na mwenzake Ann Macaulay walibaini kwamba asilimia 12 ya wakazi wenye umri wa miaka 45 hadi 64 walikuwa na kisukari cha aina ya pili, mara mbili ya kiwango cha Wakanada wengine wa rika hilo. Jambo lisilo la kawaida ni kwamba matokeo hayo hayakuishia katika majarida ya kitabibu. Yalisomwa mbele ya jamii, na wazee wakataka watoto wakingwe.

Mwaka 1994 ukaanzishwa mradi wa kuzuia kisukari katika shule za msingi za Kahnawake. Wakazi na watafiti wa vyuo vikuu walikaa kuandika kanuni za maadili: takwimu ni mali ya jamii; matokeo huelezwa wakazi kwanza; na pande mbili zikitofautiana juu ya maana yake, maoni ya jamii nayo huchapishwa. Kwa watu waliozoea kupimwa na wageni wasiorudi, hilo halikuwa dogo.

Shuleni, soda na vyakula vya mafuta mengi vilipigwa marufuku, na masomo ya afya yakaingizwa madarasani. Hata hivyo, tathmini ya miaka minane, iliyochapishwa mwaka 2005, ilionyesha kuwa nafuu ya awali katika unene wa mafuta chini ya ngozi haikuambatana na kupungua kwa uzito wa watoto. Taarifa hiyo ilitolewa jinsi ilivyo, kwa ridhaa ya jamii, na mradi ukaendelea.