Mali Bila Daftari: Tangazo la Muziki na Majina ya Wenye Muziki

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tunapoitaja huwa tunafikiria duka, ng'ombe au pamba. Katika makala haya napenda kuonyesha kwamba wimbo nao ni mali, na kwamba tangazo, karatasi ambayo wengi huidharau kuwa ni ya kuuzia tu, mara nyingi ndilo daftari lililobaki la wimbo huo.

Nimelichagua jambo hili kwa sababu vijana wa kikundi cha muziki shuleni wamekusudia kuzikusanya nyimbo zao katika albamu, nao wamepewa ukurasa mmoja wa jarida letu ili wautengeneze tangazo lake. Kazi hiyo ni yao, na sisi wanafunzi wa zamani hatuna sababu ya kuwashikia kalamu. Hata hivyo, yafaa wajue yaliyotangulia, hasa hapa kwetu, kuanzia Shinyanga hadi Geita, ambako nyimbo hazijapata kuwa haba lakini majina ya waimbaji yamepotea kwa wingi.

NGOMA ILIYOJITANGAZA

Katika Usukuma ushindani wa ngoma ni jambo la zamani. Vyama viwili vikubwa, Bagalu na Bagika, vimeshindana kwa vizazi kadhaa. Baada ya mavuno, watu wakiwa na nafasi na chakula kipo, makundi mawili huchukua viwanja jirani na kuanza kucheza kwa wakati mmoja. Watazamaji huhama kutoka upande huu kwenda upande ule kadiri wanavyovutwa. Kundi lenye watu wengi ndilo lililoshinda.

Msomaji ataona mara moja kwamba huo ni mtihani mkali wa kutangaza kazi. Asiyevutia anabaki peke yake na ngoma zake. Ndiyo maana wachezaji walibuni kila namna ya kuyavuta macho. Banunguli, ambao asili yao ni wawindaji wa nungunungu, walimleta mnyama wao uwanjani. Bayeye walicheza na nyoka. Wachezaji wa bugobogobo walizungusha na kurusha majembe kwa mapigo ya ngoma. Mtu alikuja kuangalia nyoka, akabaki kusikiliza wimbo.

Lakini liko jambo jingine ambalo vijana wasilipite. Manju, yaani mtunzi na kiongozi wa wimbo, alizoea kujitaja ndani ya wimbo wenyewe: yeye ni nani, ni mwana wa nani, na anatoka wapi. Hakuwa na karatasi, kwa hiyo aliliweka jina lake mahali ambapo lisingeweza kuondolewa kwa urahisi. Wasukuma wengi walipohamia upande wa Geita kuanzia miaka ya 1940 wakitafuta mashamba na malisho, walihama na nyimbo zao, na majina yakasafiri nazo.

Daftari la namna hiyo lina udhaifu wake. Lilimhifadhi manju, lakini mara chache liliwahifadhi wapiga ngoma na waitikiaji. Tena wimbo ukiimbwa na wengine miaka ishirini baadaye, jina la kwanza huachwa na la mwimbaji mpya huingizwa. Mwisho tunaambiwa kuwa ni "wimbo wa asili". Mara nyingi maneno hayo maana yake ni kwamba mtunzi alikuwapo, ila hakuna aliyemwandika.

SANTURI ZILIZOTOKA MBALI

Neno albamu lina historia yake. Santuri za zamani zilikuwa na nafasi ya dakika tatu hivi kwa kila upande. Muziki mrefu ulihitaji santuri kadhaa, nazo zilipangwa katika mifuko iliyoshonwa pamoja kama kitabu cha kuhifadhia picha. Kitabu hicho ndicho kilichoitwa albamu. Karibu na mwaka 1940 mchoraji Alex Steinweiss wa kampuni ya Columbia, huko Marekani, alianza kuyapamba majalada hayo kwa michoro, na tangu hapo jalada likawa ni tangazo linaloshikwa mkononi. Mwaka 1948 kampuni hiyo hiyo ilitoa santuri ya muda mrefu, na jina albamu likahamia kwenye sahani moja yenye nyimbo nyingi.

Kwetu Afrika Mashariki biashara hii ilianza pwani. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi. Santuri zake zikanunuliwa katika miji ya pwani na hata bara. Baadaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na kwa hiyo mwanafunzi wa Shinyanga aweza leo kujua alizaliwa wapi, alifinyanga na kuuza vyungu namna gani, na alipandaje hadi kuwa mwimbaji aliyejulikana pote. Tunawajua pia wenzake, akina Maalim Shaaban, Subeti Ambar, Buda Swedi na Mbaruk. Sababu ni moja tu: waliandikwa.

Katika miaka ya 1950 na 1960 santuri ndogo zenye wimbo mmoja kila upande zilienea. Duka la Assanand na Wanawe la Mombasa lilitoa santuri zenye chapa ya Mzuri, na miongoni mwa waliorekodiwa walikuwa Salum Abdallah na Cuban Marimba ya Morogoro, na Kiko Kids ya Tabora, jirani zetu wa reli moja. Lakini nafasi kwenye santuri ndogo ilikuwa finyu. Katikati ya sahani kulikuwa na kibandiko cha duara chenye jina la wimbo, jina la bendi na, pengine, la mtunzi. Bahasha yake kwa kawaida ilikuwa ya karatasi yenye nembo ya kampuni. Mpiga gitaa la pili, mpiga besi na mpiga tumba hawakuwa na mahali pa kutajwa.

REDIO NA DANSI

Baada ya Uhuru msaada mkubwa kwa muziki wetu ulitoka redioni. Radio Tanzania Dar es Salaam iliwarekodi wanamuziki wa mikoani na kuzirusha nyimbo zao nchi nzima. Tusiidharau kazi hiyo hata kidogo, maana bila kanda zilizohifadhiwa katika maktaba ya redio sehemu kubwa ya muziki wa miaka ya 1960 na 1970 isingekuwapo.

Pamoja na hayo, wimbo wa redioni haukuwa bidhaa dukani. Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kutengenezea santuri, na bendi iliyotaka santuri iliitazama Nairobi. Mbaraka Mwinshehe, aliyepata sifa akiwa na Morogoro Jazz na kisha Super Volcano, aliuza santuri zake kwa njia hiyo, na mauti yalimkuta nchini Kenya, katika ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977 hadi 1983, njia hiyo nayo ikawa ngumu.

Palipokosekana albamu hapakuwa na tangazo la albamu. Bendi ilijipatia riziki ukumbini, kwa hiyo ilitangaza dansi: gari lenye vipaza sauti likizunguka mitaani, ubao ulioandikwa kwa chaki nje ya baa, au mistari michache gazetini yenye jina la bendi, ukumbi na kiingilio. Hayo yalitosha kwa shughuli ya usiku mmoja. Lakini tangazo la dansi hufa kesho yake asubuhi. Mvua ikinyesha ubao unafutika, na gazeti linafungia maandazi.

Matokeo yake tunayaona sasa. Watafiti na wachapishaji waliotaka kuzitoa upya nyimbo za zama hizo walilazimika kuwatafuta wazee mmoja mmoja na kuwauliza ni nani aliyepiga gitaa lile, na ni nani aliyeitikia. Wengine walikuwa wamekwisha kufariki. Kwa upande wa nyimbo za kazi za Wasukuma, msomi wa Marekani Frank Gunderson alitoa mwaka 2010 kitabu kikubwa kinachokusanya nyimbo hizo pamoja na habari za watunzi wake. Tunamshukuru. Lakini yatupasa kujiuliza kwa nini mambo ya kijijini kwetu tuyasome kutoka kwa mtu aliyesafiri kutoka ng'ambo.

JIWE LENYE DAFTARI

Nitatoa mfano wa hapa hapa mkoani. Mwaka 1947, katika mgodi wa Mwadui alioufungua Dokta John Williamson, ilipatikana almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5. Ilitolewa zawadi ya harusi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, ikakatwa, ikawekwa katika pambo la kifuani. Leo kila mwenye nia aweza kuijua historia ya jiwe hilo: mwaka lilipopatikana, uzito wake, lilikwenda wapi na linaitwaje.

Sasa mtu aulize ni nani aliyekuwa akiongoza nyimbo za vibarua wa Mwadui mwaka huo huo, au katika mgodi wa zamani wa dhahabu wa Geita uliofungwa katikati ya miaka ya 1960. Watu walifanya kazi huko kwa maelfu, na Msukuma hafanyi kazi kimya. Mawe yalipimwa na kuandikwa, na nyimbo zikapita na upepo. Mwenye mgodi alijua thamani ya daftari. Sisi tuliokuwa na nyimbo hatukulifungua.

UKURASA MMOJA UNAWEZA KUBEBA NINI?

Nirudi kwa vijana. Kazi ya kikundi ina hatari moja inayojulikana: kila mmoja hudhani mwenzake ameshalifanya jambo fulani. Kwa hiyo gawaneni kazi kabla ya kuchora lolote. Mmoja aandike maneno. Wa pili akusanye majina na kuyahakiki kwa wenyewe, herufi kwa herufi. Wa tatu ashughulikie picha au mchoro. Wa nne aupange ukurasa. Wa tano awe ni mtu asiyekijua kikundi chenu kabisa. Huyo apewe rasimu aisome, kisha aeleze ameelewa nini. Akishindwa kusema albamu inaitwaje na inapatikana wapi, tangazo halijawa tayari, hata likiwa zuri namna gani.

Kutoka kwa Banunguli jifunzeni kuweka kitu kimoja cha kuvuta macho. Nungunungu mmoja anatosha. Mkileta na nyoka na jembe katika ukurasa huo huo, msomaji hatajua atazame wapi. Msichore dhahabu na almasi kwa sababu tu mkoa wetu na jirani zetu wa Geita wanasifika kwa hizo, ila kama nyimbo zenyewe zinazungumzia migodi. Bandikeni rasimu ukutani, rudini nyuma hatua tatu, mwone kama jina la albamu bado linasomeka. Kumbukeni pia kwamba nakala nyingi hutolewa kwa rangi nyeusi tu, na maandishi mekundu juu ya nyeusi hayaonekani kabisa. Acheni nafasi pembeni ili kisu cha mchapaji kisikate herufi.

Kutoka kwa manju jifunzeni kuweka jina. Chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo lakini zinazosomeka, orodhesheni waimbaji wote na wapigaji wote, pamoja na kila mmoja alichopiga. Wekeni mahali mliporekodi na mwaka. Bei itapanda na namba ya simu itabadilika, lakini jina na mwaka havipitwi na wakati.

Juu ya hayo, wimbo mliofundishwa na bibi au mzee wa kijijini msiuandike "wa asili" kabla ya kwenda kumwuliza aliutoa wapi. Kama mtunzi anajulikana, ombeni ruhusa yake au ya watu wake, na mwandikeni. Hii si adabu tu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa mwenye kazi yake.

Mwaweza kusema kwamba orodha ya majina itachukua nafasi ambayo ingefaa kwa picha. Ni kweli. Itawachukulia pengine robo ya ukurasa, na haitauza nakala hata moja zaidi kwa mgeni. Mimi nasema toeni robo hiyo. Picha itauza mwaka huu. Robo ya majina ni ya yule mpiga ngoma wa kidato cha pili ambaye hakuimba mbele, ambaye miaka arobaini baadaye, akiwa Kahama au Katoro au ng'ambo, atataka kumwonyesha mjukuu wake kwamba alikuwapo.

Mkimaliza, nakala moja ya tangazo iwekwe maktaba ya shule pamoja na albamu yenyewe, na nyingine ikabidhiwe kwa katibu wa umoja wetu. Nasi wanafunzi wa zamani tuna deni letu. Kila mmoja wetu aliyepata kuwa katika kwaya au bendi ya shule akae wiki hii, aandike majina ya wenzake anaowakumbuka, vyombo walivyopiga na miaka yao, ayalete kwa katibu kabla ya toleo lijalo. Msingoje kukumbuka yote. Leteni hata majina matatu.