Kiungo cha redio cha bendi ya E

Kiungo cha redio cha bendi ya E ni mtambo unaounganisha vituo viwili tu vinavyoonana, mnara kwa mnara au paa kwa paa, kwa mawimbi ya urefu wa milimita 4 hivi. Data huenda kwa gigahezi 71–76 na kurudi kwa 81–86. Upana huo wa gigahezi 5 kila upande huwezesha kupitisha gigabiti 10 kwa sekunde na zaidi, ndiyo sababu kampuni za simu hukitumia pasipofika faiba.

Umbali wake huamuliwa na mvua. Hewa isiyo na mvua hupunguza mawimbi kwa takriban nusu desibeli tu kwa kilomita. Mvua ya milimita 25 kwa saa hupunguza desibeli 11 hivi. Ya milimita 100 kwa saa, kama zinazopiga kandokando ya Ziwa Viktoria, hufikia 30. Mvua hiyo ikifunika njia yote ya kilomita 3, hupotea desibeli 90: kinachofika ni sehemu moja kati ya bilioni ya kile ambacho kingefika kukiwa kukavu. Kwa hiyo muuzaji anayetaja kilomita bila kutaja asilimia ya muda ambao kiungo hufanya kazi hajasema kitu. Asilimia 99.9 huruhusu kukatika karibu saa 9 kwa mwaka, 99.999 dakika 5 tu. Wengi hufunga pia redio ya gigahezi 18 au 23 sambamba, ili dhoruba ikija, simu na data muhimu zipite huko.

Dishi la sentimita 60 hutoa mwali wa nusu digrii hivi, yaani mita 9 kwa umbali wa kilomita moja. Mnara ukiyumba, kiungo huweza kukatika. Lakini wembamba huohuo huzuia majirani kuingiliana, na ndio uliolegeza leseni. Mwaka 2003 Marekani iliamua kutoa leseni moja ya nchi nzima, isiyo ya mtu mmoja pekee. Kila kiungo husajiliwa katika hifadhidata, na aliyetangulia kusajili hulindwa. Uingereza ilifuata mwaka 2007 kwa ada ya pauni 50 kwa kiungo kwa mwaka, mwombaji akijikagulia mwenyewe mwingiliano.

Kwa kulinganisha, katika gigahezi 60, ambako oksijeni pekee hula desibeli 15 kwa kilomita, Marekani haidai leseni kabisa. Mtumiaji hupaswa kuvumilia mwingiliano wowote unaompata.