Maji ya Mteremko

Nilisomesha jiografia katika skuli za Unguja mpaka nikastaafu, na hakukosekana mwanafunzi wa kuuliza kwa nini kitabu hakitaji mto wetu hata mmoja. Kitabu kilijaa Nile, Kongo na Rufiji. Sisi tuna Mwera, tuna Zingwezingwe, na vijito chungu nzima ambavyo mwisho wa kiangazi kuku huvivuka bila kulowa kifua. Aliyeandika kitabu alipima mito kwa urefu, na kwa kipimo hicho kisiwa hiki hakina la kusema.

Mimi niliwachorea kisiwa ubaoni kikiwa kimekatwa kama mkate, ili waone ndani. Magharibi na katikati pana matuta, la Masingini likiwa mojawapo, na hakuna linalozidi sana mita 120. Huko udongo ni wa kichanga na kinongo. Mvua ya masika ikinyesha, sehemu kubwa huzama, ikaja kutokea chini ya tuta kama chemchemi. Vijito vinavyoteremka magharibi, kama cha Mtoni, vina safari fupi na hufika baharini. Vinavyoelekea mashariki hukutana na uwanda, yale mawe ya matumbawe yenye matundu kila pahala, na hapo humezwa. Mto unakuwepo, kisha haupo. Maji yanaendelea chini kwa chini, na mtu huyaona tena ndani ya pango au kisimani. Karibu na pwani maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Ukiyavuta kwa pupa, chumvi hupanda.

Basi mkubwa yeyote aliyetaka kukaa vizuri Unguja alitafuta kijito. Sultani Sayyid Said alijenga kasri lake Mtoni, kaskazini ya mji, na binti yake Salme akazaliwa humo mwaka 1844. Kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, zinaeleza jinsi kile kijito kilivyopita ndani ya kasri na kulisha mabirika kabla ya kuingia baharini. Nyumba yenye maji yanayokwenda! Watu wa mjini wakati huo hawakuwa na neema hiyo. Mji umekaa juu ya ncha ya mchanga na matumbawe, ambako kisima na shimo la choo vilikuwa majirani, na jiwe lenye matundu halichuji kitu. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja, alikuwepo kipindupindu cha 1869 na 1870 kilipoua maelfu, akakiandikia kitabu kizima.

Mwaka 1870 huohuo Barghash, mwana wa Sayyid Said, akakalia kiti cha usultani. Miaka kumi kabla, alikuwa Bombay, akiwa amehamishwa na Waingereza baada ya kushindwa kumpindua kaka yake Majid, na ilikuwa mwaka 1860 ndipo maji ya bwawa la Vihar yalipokamilika kwa ajili ya mji ule. Hakuna anayeweza kunishawishi kwamba hakuyatia maanani. Katika utawala wake maji ya chemchemi ya Chemchem, upande wa Bububu, yaliletwa mjini kwa mfereji wa kujengwa. Masalio ya matao yake bado yapo njia ya Bububu. Wageni walizoea kupiga picha jumba lake la Beit al-Ajaib na milango yake. Mimi nikiulizwa kazi kubwa ya Barghash, nitataja mfereji ule, na hamamu ya watu wote aliyoijenga pale Hamamni. Hapakuwa na pampu. Tuta liko juu, mji uko chini, maji yanajua njia.

Baadaye mji ukavuka Darajani, Ng'ambo ikajaa, na chemchemi peke yake isingetosha. Vikachimbwa visima virefu, vikatiwa mashine, na mashine zikategemea umeme unaotoka Tanganyika kwa waya wa chini ya bahari. Mwaka 2008 umeme ulikatika kwa wiki kadhaa. Desemba 2009 ukakatika tena, ukarudi Machi 2010. Mifereji ya majumbani ikakauka. Mtaani petu watu wakatoa mifuniko ya visima vilivyosahauliwa, wenye mikokoteni wakauza maji kwa madumu, na foleni ikaanza kabla ya alfajiri. Bibi mmoja wa jirani, aliyekulia shamba, alionja maji ya kisima kilichofunguliwa karibu na pwani, akatema. "Haya ya kufulia," akasema, akatuma wajukuu wake Bububu na madumu.