Feni Isiyozunguka

Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Gari hilo lilitoka kiwandani na feni ya kuzungushwa na mkanda wa injini. Baadaye wamiliki wengi walifunga feni ya umeme, ipooze rejeta hata gari likisimama kwenye foleni.

Feni hiyo ikigoma, ndugu msomaji, wengi huihukumu mota na kununua nyingine. Iunganishe kwanza moja kwa moja na betri. Ikizunguka, haina hatia. Kagua fyuzi, rilei, swichi ya joto, kisha waya wa ethi, hasa huku Kaole ambako hewa ya chumvi hula chuma. Wakati huo gari lisitembezwe, maana joto hupindisha silinda hedi.

Chuoni niliwaambia walimu wanafunzi neno hilo hilo. Mtoto anayenyamaza darasani huitwa mzembe kabla hajaulizwa kama amekula. Gari huharibika kwa haraka ya fundi, na mtoto kwa haraka ya mwalimu. Ila mtoto hana vipuri.